Kuanguka na Kuumia Kichwa kwa Wenye Maradhi ya Parkinson

Kuanguka kwa mtu mzima ni jambo ambalo jamii ya Visiwani imezoea kulieleza kwa sababu zilizo karibu: maji yaliyomwagika bafuni, kandambili iliyochakaa, ncha ya mkeka iliyokunjika, au giza la umeme uliokatika. Sababu hizo ni za kweli, lakini mara nyingine huificha sababu iliyo kubwa zaidi. Mtu aliyeanguka mara tatu katika mwaka mmoja, na kila mara akawa na kisa chake cha kueleza, huenda ana maradhi ambayo bado hayajatajwa jina. Miongoni mwa maradhi hayo ni Parkinson, na miongoni mwa madhara yake ambayo hayazungumzwi kwa kadiri inavyostahiki ni kuumia kichwa.

Makala haya yanaeleza kwa nini mwenye maradhi haya huanguka zaidi kuliko mwenzake wa umri wake, kwa nini kichwa ndicho kinachopata dhara, na ni mambo gani ambayo jamaa, masheha na wakuu wa kazi wanapaswa kuyaangalia.

MARADHI YENYEWE

Jina la maradhi haya linatokana na James Parkinson, tabibu wa London, ambaye mwaka 1817 alichapisha kijitabu akieleza hali za watu sita, baadhi yao akiwa amewaona njiani tu walipokuwa wakipita. Sababu aliyokuwa hawezi kuijua katika zama zake inafahamika leo. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, na seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hiyo ndiyo inayowezesha amri ya mwendo kupita kwa wepesi na kwa mizani. Seli hizo zinapokufa kidogo kidogo, mwendo wa mwili wote hupoteza ulaini wake. Mpaka dalili zitakapoonekana kwa macho, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imeshapotea.

Dalili inayojulikana zaidi ni kutetemeka kwa mkono uliotulia, ambapo kidole gumba na cha shahada husuguana kana kwamba vinahesabu tasbihi isiyokuwepo. Ieleweke, hata hivyo, kwamba si kila mwenye Parkinson hutetemeka. Wengine huanza kwa uzito wa viungo, hatua fupi za kuburura, mkono mmoja usiopepea wakati wa kutembea, sauti iliyofifia na uso usioonesha furaha wala hasira. Kwa wafanyakazi wa ofisini iko dalili moja ambayo mwenye jicho la kuangalia anaweza kuitambua mapema: mwandiko hupungua ukubwa, mstari ukaanza kwa herufi za kawaida na ukamalizikia kwa herufi ndogo mno zisizosomeka. Karani aliyesifika kwa hati nzuri akaanza kuandika hivyo asikaripiwe kwa uvivu kabla hajaonwa na daktari.

Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na maradhi haya ulimwenguni. Kwa upande wa Tanzania, utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwapata wagonjwa 33 katika idadi ya watu iliyopindukia 161,000. Jambo la kuzingatiwa zaidi katika utafiti ule si hesabu hiyo ndogo, bali ni kwamba wengi wa wagonjwa wale hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana maradhi hayo. Walikuwa wakiishi nayo kama uzee, kama laana au kama kiharusi, na walipoanguka waliambiwa wamejikwaa.

KWA NINI KICHWA

Katika watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, takriban mmoja katika kila watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Kwa wenye Parkinson hali ni nzito zaidi. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha kwamba takriban sita katika kila kumi huanguka ndani ya mwaka, na takriban wanne katika kumi huanguka tena na tena.

Mtu mzima wa afya anapojikwaa, mikono yake hutangulia mbele kabla hata hajafahamu kwamba anaanguka, na ndiyo sababu wengi huvunjika kifundo cha mkono na kusalimika uso. Mwenye Parkinson amepungukiwa na kinga hiyo. Amri ya kunyoosha mikono hutoka, lakini hufika ikiwa imechelewa, na viungo vilivyokakamaa haviitikii kwa haraka. Mwili huenda chini mzima mzima kama gogo, na kinachopokea pigo ni paji la uso, kidevu au kisogo.

Kuanguka kwenyewe kuna namna zake. Iko hali ya miguu kuganda: mtu anatembea vizuri, akifika kwenye kizingiti cha mlango, penye uchochoro mwembamba, au pale anapotaka kugeuka, nyayo zake hujiona zimegandishwa sakafuni wakati kiwiliwili kinaendelea mbele. Iko hali ya mwendo wa kukimbilia, ambapo hatua hufupika na kuongezeka kasi, mtu akawa kama anaufukuza uzito wake mwenyewe mpaka apate ukuta wa kumzuia. Na iko hali ya kwenda kinyumenyume, ambayo ndiyo ya hatari zaidi kwa kisogo. Mgonjwa hufungua mlango kwa kuuvuta, au huinua mkono kutaka kitu kilicho juu ya kabati, mizani ikamtoka, akarudi nyuma hatua mbili tatu fupi na kupiga kichwa kwenye saruji. Milango mizito ya Mji Mkongwe na ngazi zake za mwinamo mkali hazikujengwa kwa kuwafikiria watu hawa.

Sababu nyingine haionekani kwa macho, nayo ni kushuka kwa shindikizo la damu mtu anaposimama. Maradhi yenyewe huidhoofisha mishipa inayodhibiti shindikizo hilo, na dawa zinazotumiwa huongeza udhaifu huo. Mgonjwa huinuka kitandani usiku kwenda kujisaidia, macho yakaingia kiza, na kabla hajafika mlangoni ameanguka. Wako pia wanaoota ndoto kwa vitendo, wakipiga mateke na kurusha mikono usingizini hadi wakaporomoka kutoka kitandani.

DAMU INAYOVUJA POLEPOLE

Pigo la kichwa linaloleta jeraha, kupoteza fahamu au kutapika halihitaji maelezo marefu, kwani kila mtu hujua kwamba hapo ni hospitali. Lililo muhimu zaidi ni lile pigo dogo ambalo mzee husimama, akajipangusa, akasema "sijambo", na mambo yakaishia hapo.

Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo ubongo wake unavyosinyaa kidogo ndani ya fuvu. Mishipa midogo ya damu inayounganisha uso wa ubongo na utando mgumu ulioko juu yake huvutika kama kamba iliyokazwa. Mtikisiko usiokuwa mkubwa unatosha kuukata mmoja wa mishipa hiyo. Damu yake haitoki kwa kasi, hutiririka polepole na kukusanyika baina ya utando na ubongo, na yaweza kupita wiki tatu, mwezi, au zaidi, kabla haijawa nyingi kiasi cha kuubana ubongo. Kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini, au hata aspirini ya kila siku kwa ajili ya moyo, hatari hiyo huzidi.

Sasa zitazamwe dalili za mkusanyiko huo wa damu: mwendo kuwa mzito, miguu kuburura, kusahau, kulala mchana, maneno kutotoka vyema, kuanguka zaidi kuliko hapo kabla. Kwa mtu mwingine yeyote dalili hizi zingeishitua nyumba. Kwa mwenye Parkinson hufanana kabisa na maradhi aliyonayo, na hapa ndipo wapo wanaopotea. Jamaa husema maradhi yamezidi. Anayemhudumia huenda akaongeza dawa. Mgonjwa huachwa kitandani akififia kwa sababu ambayo ingeweza kuondolewa, kwani damu hiyo mara nyingi hutolewa kwa kutoboa tundu dogo kwenye fuvu, na wengi hurejea katika hali waliyokuwa nayo kabla.

Iko alama ya kutofautisha. Parkinson huzidi kwa miezi na miaka, haizidi kwa siku. Mtu aliyekuwa akitembea mwenyewe hadi msikitini mwanzo wa mwezi, akawa hawezi kuinuka mwisho wa mwezi huo huo, asihesabiwe kuwa maradhi yake yamepiga hatua tu. Yako mengine yanayoweza kumdhoofisha ghafla namna hiyo, kama vile uchafu wa njia ya mkojo, homa ya mapafu au kukosa dawa kwa siku chache, lakini kuvuja kwa damu kichwani hakuna budi kufikiriwa, hasa udhaifu ukiwa umeelemea upande mmoja. Swali la kuulizwa nyumbani ni moja: je, aliwahi kuanguka au kugonga kichwa katika miezi miwili au mitatu iliyopita? Wazee wengi huficha, kwa kuona haya au kwa kuchelea kukatazwa kutoka nje. Aulizwe pia kijana au mjukuu anayelala naye.

Kipimo kinachobainisha jambo hili ni cha CT. Picha ya eksirei ya kawaida huonesha mfupa uliovunjika, haioneshi damu iliyo chini yake, hivyo kuambiwa kwamba "picha ni nzuri" baada ya eksirei peke yake hakutoshi kuituliza nyumba. Kwa Unguja, taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo iliyofunguliwa mwaka 2014 katika Hospitali ya Mnazi Mmoja imewapunguzia wananchi safari ya kuvuka bahari kwa ajili ya huduma hizo.

Mgonjwa aliyegonga kichwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa ikiwa alizimia hata kwa dakika moja, ikiwa anatapika, kichwa kinamuuma kwa kuzidi, ana usingizi usio wa kawaida au amechanganyikiwa, mboni za macho hazilingani, mkono au mguu mmoja umelegea, amepata kifafa, au damu au maji meupe yanatoka puani au masikioni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe hata kama hana dalili yoyote. Kabla ya kumwinua aliyeanguka, aulizwe kwanza kama shingo inamuuma. Ikiwa inauma, aachwe alivyo mpaka apatikane mtu mwenye ujuzi. Desturi ya kumvuta mzee kwa mikono miwili ili asimame upesi, kwa kuondoa aibu mbele ya watu, imewazidishia wengi madhara.

NYUMBANI, MSIKITINI NA KAZINI

Nyumba haihitaji kujengwa upya. Mikeka na mazulia yaliyokunjika ncha yaondolewe katika njia anayopita mgonjwa, na kandambili zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino. Kikoi au kanga isiburure. Bafuni na chooni, mahali penye maji na sakafu ya saruji, pawekwe mti au bomba imara la kushikia ukutani, na kiti cha kuogea. Chombo cha kujisaidia kando ya kitanda usiku ni heri kuliko safari ya gizani, na taa ndogo ya kuchaji iwe karibu na mkono. Anapoamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika mbili, ndipo asimame.

Miguu inapoganda, mgonjwa asivutwe wala asihimizwe kwa kelele, maana haraka huzidisha kuganda. Asimame kabisa, avute pumzi, ahamishe uzito kutoka mguu mmoja kwenda wa pili, kisha aanze kwa hesabu ya moja, mbili, moja, mbili. La ajabu, na madaktari wamelieleza, ni kwamba mtu asiyeweza kuinua mguu kwenye sakafu tupu huweza kuruka mstari uliochorwa mbele yake, kwa kuwa jicho hutumia njia nyingine ya ubongo kuamrisha mguu. Vipande vya utepe vilivyobandikwa sakafuni mbele ya mlango wenye matata hugharimu fedha kidogo sana. Anapogeuka, azunguke kwa duara pana, asigeuke papo kwa papo. Asibebe vitu kwa mikono yote miwili, na anapotembea asisemezwe mambo ya kumfikirisha, kwa sababu akili yake yote inahitajika katika hatua zake.

Kuhusu ibada, ruhusa ya mgonjwa kusali ameketi inafahamika na kila aliyepita chuoni, na wapo wazee wanaoiona kuwa ni upungufu, wakajilazimisha kuinuka kutoka sijida mpaka siku wanapoanguka juu ya mihrabu au nguzo. Maimamu wanaombwa kulisema jambo hili wazi, kwani neno lao litasikilizwa kuliko la mwandishi wa wizara. Mahali pa kutawadhia pawe pakavu kadiri iwezekanavyo. Katika mwezi wa Ramadhani, upungufu wa maji mwilini hushusha shindikizo la damu, na nyakati za dawa huvurugika, kwa hiyo mgonjwa aonane na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka.

Taasisi za Serikali nazo zina wajibu wake. Wazee waliotimiza miaka 70 hufuata malipo ya Pensheni Jamii, iliyoanzishwa mwezi wa Aprili 2016, na miongoni mwao wamo wenye maradhi haya. Msimamizi anayemwona mzee ametetemeka au anayumba ampe kiti na amtangulize. Kusimama muda mrefu juani na kisha kuitwa jina kwa ghafla ndiko hasa kunakomwangusha mtu wa namna hii. Aidha, mfanyakazi aliyethibitika kuwa na Parkinson, na wengine huipata kabla ya kufikia miaka 50, aweza kuendelea na kazi kwa miaka kadhaa akipewa meza ya ghorofa ya chini na kuepushwa na kazi za kupanda ngazi. Kupanda mnazi na mkarafuu, na kuendesha pikipiki, ni mambo ya kuachwa mapema. Abiria wa bodaboda mwenye maradhi haya ni hatari juu ya hatari, na akiwa hana kofia ngumu haifai kabisa.

DAWA

Dawa kuu ni levodopa pamoja na karbidopa, nayo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Haiponyeshi, lakini hurejesha kiasi kikubwa cha wepesi wa mwendo, na mgonjwa huanguka zaidi katika saa ambazo nguvu ya dawa imekwisha. Hivyo inywewe kwa saa zake. Wala isikatizwe kwa ghafla hata mara moja, kwa sababu kuikatiza kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kwa mwili wote, hali inayoweza kuua.

Liko jambo ambalo jamaa wanapaswa kulisema kwa sauti pale wanapofikisha mgonjwa hospitali baada ya pigo la kichwa. Mgonjwa huyo huenda anatapika au amechanganyikiwa, na baadhi ya dawa zinazotolewa kwa hali hizo, kama vile metoklopramidi kwa kutapika na haloperidoli kwa kuchanganyikiwa, huzuia ile ile dopamini iliyokwisha kupungua. Mwenye Parkinson akipewa hizo huweza kukakamaa kiasi cha kushindwa kumeza, na ikadhaniwa kuwa ni athari ya pigo.

Watu huuliza pia kama pigo la kichwa ndilo linaloleta Parkinson, na swali hilo huandamana na jina la Muhammad Ali, bondia ambaye wakubwa wanakumbuka alipofika Dar es Salaam mwezi wa Februari 1980. Alitambulikana kuwa na maradhi haya mwaka 1984 na akafariki mwaka 2016. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ngumi ndizo zilizomletea yeye. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya askari wastaafu wa Marekani zaidi ya 325,000 ulionesha kuwa waliowahi kuumia ubongo, hata kwa kiasi kidogo, walipata Parkinson kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo jambo hili huenda pande zote mbili, nalo ni sababu ya ziada ya kuvaa kofia ngumu kwa vijana walio wazima.

Mwenye maradhi haya, au jamaa yake, anashauriwa kubeba karatasi moja mfukoni iliyoandikwa jina la maradhi, dawa anazotumia na saa zake, kama anatumia aspirini au warfarini, dawa asizopaswa kupewa, na tarehe ya kila alipoanguka. Karatasi hiyo ikabidhiwe kwa muuguzi wa mapokezi kabla ya maelezo mengine yoyote.